Upasuaji wa kifua kwa matundu madogo: yatakayokukuta kuanzia kliniki hadi unapotolewa nyuzi

Mtu akiambiwa atapasuliwa kifua kwa matundu madogo, kinachobaki kichwani ni neno "madogo". Anahesabu siku mbili tatu za wodini, basi yuko nyumbani. Matundu ni madogo kweli: moja hadi matatu, kila moja la sentimita 1 mpaka 4, ubavuni chini ya kwapa. Lakini kazi ya ndani ni ile ile inayofanyika kifua kikifunguliwa kwa mkato wa sentimita 15 au 20. Pafu linakatwa, utando unabanduliwa, usaha unasafishwa. Kinachopungua ni madhara ya njia ya kuingilia, kwa kuwa misuli mikubwa ya mgongo haikatwi na mbavu hazipanuliwi kwa chuma. Kwenye faili utaona limeandikwa VATS, kifupi cha Kiingereza cha upasuaji wa kifua kwa msaada wa kamera ya video. Ni jambo hilo hilo.

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus, daktari wa Stockholm, alitangaza kwamba kifua cha mtu aliye hai kinaweza kuchunguliwa kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo, na miaka iliyofuata wengi waliofaidika nayo walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Kamera ya video ilipounganishwa, madaktari wakaanza kukata sehemu nzima ya pafu kwa njia hiyo miaka ya mwanzo ya 1990. Faida ipo, ila isitiwe chumvi: katika utafiti wa VIOLET uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 503, waliokatwa sehemu ya pafu kwa kamera kwa kawaida walitoka siku ya 4, waliofunguliwa kifua siku ya 5. Tofauti iliyohisiwa zaidi ilikuwa wiki kadhaa baadaye, katika nguvu za mwili na maumivu.

Nani anafanyiwa, na kwa nini muda ni muhimu

Sababu za kawaida ni maji kifuani ambayo chanzo chake hakijulikani, pafu linalopasuka lenyewe na kuvuja hewa, uvimbe wa pafu, na usaha uliojaa kifuani baada ya nimonia au TB. Hili la mwisho ndilo linaloharibika kwa kusubiri, kwa hiyo tulieleze.

Usaha wa kifuani unapita hatua tatu. Mwanzoni ni maji mepesi, na mpira wa kifuani, yaani bomba linaloingizwa ubavuni, peke yake unaweza kuyatoa yakaisha. Baada ya siku chache yanakuwa mazito na kujigawa vyumba vyumba kama sega la nyuki. Mpira ukiingizwa unakausha chumba kimoja, vingine vinabaki vimejaa. Hapa ndipo kamera inapofaa kuliko kitu kingine: daktari anavunja kuta hizo, anafyonza, anaosha. Zikipita wiki tatu hadi sita, ganda gumu linaota juu ya pafu na kulibana lisitanuke, na kulibandua kwa matundu madogo kunakuwa kazi ngumu. Wengi wanaofika wakati huo huishia kufunguliwa kifua. Kwa hiyo kama mgonjwa ana mpira karibu wiki nzima, homa haishuki na picha haibadiliki, ndugu aulize habari za rufaa siku hiyo hiyo.

Kliniki: vipimo na maswali

Utapigwa picha ya kifua na siti skani. Utapimwa damu, kundi la damu, sukari, figo, VVU na moyo. Kama sehemu ya pafu itatolewa, utapuliza kwenye mashine ya kupima uwezo wa mapafu, na daktari anaweza kukupandisha ngazi aone unafika ghorofa ya ngapi bila kusimama. Usijitutumue kumpendeza. Anataka kujua kama pafu litakalobaki litakutosha.

Mambo ya kuuliza kabla ya kukubali tarehe:

Je, stepla za kukatia pafu zimo kwenye gharama niliyotajiwa? Hizi ni pini maalumu zinazokata na kushona kwa pamoja, kila kibebeo chake kinatumika mara moja tu, na kutoa sehemu ya pafu kunaweza kumaliza kadhaa. Ndizo zinazopandisha bili ghafla. Kama unatumia bima, kibali kitaje vifaa pia, kisiishie kwenye jina la upasuaji.

Damu inatakiwa kiasi gani, na ndugu waje kuchangia lini?

Sampuli zitapelekwa wapi? Kipande cha kuchunguzwa saratani huwekwa kwenye formalini. Kipande cha kupimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, inayosoma vinasaba vya vijidudu, au kuoteshwa vijidudu hakitakiwi kuguswa na formalini hata kidogo, kwa sababu dawa hiyo inaua vijidudu na kuharibu vinasaba vyake. Kinakwenda kwenye kichupa kikavu kisicho na vijidudu, au chenye maji ya chumvi ya hospitali. Kichupa kikiwa kimoja tu, jibu la TB limeshapotea kabla ya maabara kufunguliwa. Ni kosa dogo linalowarudisha watu mezani mara ya pili, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Fomu ya ridhaa itasema kwamba daktari anaweza kulazimika kufungua kifua. Soma kipengele hicho na ukielewe kabla ya kusaini. Sababu kubwa ni mshipa mkubwa kuvuja damu, pafu kugandamana na ukuta wa kifua, na matezi yaliyokauka kama mawe na kung'ang'ania mshipa. Haya mawili ya mwisho hutokea sana kwa mtu aliyewahi kuugua TB, na siti skani haionyeshi yote. Daktari anayefungua kifua kwa wakati amefanya uamuzi mzuri. Wa kuogopwa ni anayeng'ang'ania kamera huku damu inatoka.

Wiki za kabla

Acha sigara, shisha na tumbaku ya aina yoyote. Wiki nne au zaidi ndizo zinazopunguza makohozi kwa kiasi cha maana, lakini hata siku chache si bure. Tembea kila siku mpaka pumzi ianze kukatika, pumzika, rudia.

Taja dawa zote, na za miti shamba pia. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7, aspirini mara nyingi huendelea. Usiamue mwenyewe hata moja kati ya hizo. Dawa za kisukari hupangiwa utaratibu wake. Dawa za TB na za kufubaza VVU haziachwi kienyeji. Uliza tu asubuhi ile uzinywe saa ngapi. Mwenye selimundu aseme mapema, kwa kuwa maandalizi yake ya damu na oksijeni ni mengine.

Kisha kuna jambo ambalo akina mama wa pwani huwa hawaambiwi mpaka wamefika mlangoni: piko na rangi ya kucha. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye nyama ya kidole, na piko nyeusi inaweza kuuzuia. Ukitoka harusini na upasuaji ni wiki ijayo, acha vidole angalau viwili bila kitu. Wigi, hereni, kipini na meno ya bandia viachwe kwa ndugu. Jino linalocheza litajwe kwa daktari wa usingizi.

Usiku wa kuamkia na asubuhi yake

Acha kula zikiwa zimebaki saa 6 kabla ya upasuaji. Chai ya maziwa, uji na juisi nzito ni chakula. Maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2, isipokuwa umeambiwa vingine. Wanaofanya siri na kunywa chai ya alfajiri hujihatarisha wenyewe: ukipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kumwagikia kwenye mapafu. Ukiwa umekula, sema. Kuahirishwa ni usumbufu tu.

Oga kwa sabuni. Usijinyoe kwapa kwa wembe nyumbani, mikwaruzo inakaribisha vijidudu. Kabla ya kuingia, hakikisha umechorwa alama upande unaopasuliwa. Utaulizwa jina lako na upande mara tatu au nne na watu tofauti. Hawajasahau, ndivyo inavyotakiwa.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Huu ni usingizi kamili, nusu kaputi. Ukishalala, daktari wa usingizi anaingiza kooni mpira wenye njia mbili, kila njia na pafu lake. Pafu la upande unaopasuliwa linaachwa linywee kama puto, lingine linapumua kwa niaba ya yote mawili. Bila hivyo kamera haioni kitu. Unalazwa kwa ubavu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa. Ukiamka koo linawasha, sauti imekauka, na bega linauma kuliko kidonda chenyewe. Hayo yote yametokana na mpira na mlalo, na huisha ndani ya siku chache.

Kuchukua kipande cha utando ni chini ya saa moja. Kurekebisha pafu linalovuja, kama saa moja na nusu. Kubandua ganda la usaha au kutoa sehemu ya pafu, saa 2 hadi 4. Ndugu walioko nje waongeze saa nyingine moja au mbili za kulazwa usingizi na kuamshwa, wasianze kupiga simu za kilio.

Mpira na chupa: hapa ndipo kuna kazi

Utaamka na mpira unene wa kidole kidogo ukitoka ubavuni kwenda kwenye chupa iliyoko sakafuni. Kazi yake ni kutoa hewa na majimaji ili pafu litanuke tena. Ndani ya chupa kuna maji, na ncha ya bomba imezama humo sentimita 2 hivi. Maji hayo ndiyo mlango: hewa ya kifuani inatoka kama mapovu, ya nje haiwezi kurudi.

Jifunze kuisoma, maana wewe na ndugu yako mnakaa nayo muda mrefu kuliko nesi. Ukipumua, maji ndani ya bomba yanapanda na kushuka. Hiyo ni dalili kwamba mpira uko wazi. Yakisimama tuli, ama pafu limeshatanuka kikamilifu, ama mpira umejikunja au umeziba. Angalia kwanza kama umeulalia. Mapovu ukikohoa siku ya kwanza ni kawaida, ni pafu linavuja pale liliposhonwa. Mapovu mfululizo bila kukohoa, mwite nesi akague maungio.

Chupa iwe chini ya kifua siku zote. Ukitembea ibebe chini ya kiuno, ukipanda kitandani ibaki sakafuni. Ikiinuliwa juu ya kifua, maji machafu yanarudi ndani. Hapa wakosaji wakubwa ni wageni wa jioni wanaosaidia kusogeza vitu, na mfanyausafi anayeinua chupa ili apige deki.

Mpira usibanwe kwa koleo wala kufungwa fundo ili utembee vizuri. Hewa ikikosa pa kutokea inalisukuma pafu na moyo.

Chupa ikivunjika, chovya ncha ya mpira kwenye chombo chochote chenye maji safi, hata kikombe, ukiweke chini ya kifua, na uite. Mpira wote ukichomoka ubavuni, bana tundu kwa kitambaa safi au kiganja mara moja, na upige kelele.

Kiasi cha majimaji huandikwa kila siku. Mpira hutolewa hewa ikiwa imekoma, picha inaonyesha pafu limejaa, na majimaji si mengi. Hospitali nyingi zinataka yasizidi mililita 200 hadi 300 kwa saa 24, nyingine hukubali zaidi. Uliza yenu inashika namba ipi, ndipo utajua uko mbali kiasi gani na nyumbani.

Kutolewa kwenyewe ni sekunde chache. Omba dawa ya maumivu nusu saa kabla. Utaambiwa uvute pumzi, uishike, ukaze tumbo kama mtu anayejisukuma chooni. Mpira unavutwa kwa mkupuo mmoja na uzi uliowekwa tayari unafungwa. Unahisi moto unapita, basi. Ukipumua katikati ya zoezi, hewa inaweza kuingia, kwa hiyo fanyeni jaribio moja kabla.

Kupumua na maumivu

Asiyemeza dawa hakohoi, asiyekohoa anajaza makohozi, na makohozi ni nimonia. Kwa hiyo meza dawa kwa saa, usisubiri iume. Msingi ni parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe au mwenye uzito chini ya kilo 50 hupunguziwa. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia sana, ila si kwa mwenye figo mbovu au vidonda vya tumbo. Tramadoli na mofini, dawa kali za maumivu, hufunga choo: kunywa maji, kula papai, na uombe dawa ya kulainisha kabla hujakwama.

Ukipewa kile kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu, hicho ni cha kuvuta pumzi. Wengi wanakipuliza. Vuta pumzi polepole mpaka mpira upande juu, ushikilie sekunde 3, achia. Mara 10 kila saa ukiwa macho. Kupuliza baluni kusubiri ruhusa ya mtu wa fiziotherapia, hasa pafu likiwa bado linavuja. Ukitaka kukohoa, kunja kanga au mto mdogo, ukandamize juu ya kidonda, kisha kohoa kwa nguvu. Jioni ya siku ya upasuaji ukae, asubuhi utembee, chupa mkononi.

Yanayoweza kwenda kombo

Hewa kuendelea kuvuja zaidi ya siku 5 ndiyo sababu kubwa ya watu kukaa wodini kuliko walivyotarajia. Hutokea zaidi kwa mapafu yaliyochoka kwa moshi au TB. Mara nyingi huziba yenyewe kwa kusubiri.

Ngozi ya shingo au uso ikivimba na kulia chini ya kidole kama mfuko wa nailoni, ni hewa iliyoingia chini ya ngozi. Inatisha kwa macho kuliko kwa hatari, ila mpira ukaguliwe haraka. Moyo kwenda mbio bila mpangilio hutokea siku ya 2 hadi ya 4 kwa wazee waliotolewa sehemu ya pafu, na una dawa. Damu kuganda mguuni ndiyo sababu ya sindano ya tumboni na ya kulazimishwa kutembea. Usaha unaweza kurudi kama pafu halikutanuka lote.

Nyumbani

Aliyechukuliwa kipande huondoka baada ya siku 1 au 2. Wa pafu lililopasuka, 2 hadi 4. Wa sehemu ya pafu, 3 hadi 5. Wa usaha asijipangie chini ya wiki.

Kuoga kwa maji ya kumwagia ni sawa baada ya saa 48. Baharini na kwenye beseni, subiri vidonda vifunge kabisa. Tundu la mpira kutoa majimaji mepesi siku moja au mbili si ajabu. Kwa wiki 4 usibebe zaidi ya kilo 5: kidumu cha lita 5 ndio mwisho wako, ndoo ya lita 20 iachie wengine. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo utaijutia. Kazi ya mezani, wiki 2 hadi 3. Shamba, ujenzi na kubeba mizigo, wiki 6 hadi 8. Ndege usipande mpaka picha ionyeshe hakuna hewa iliyobaki kifuani na daktari akubali. Mtu ambaye pafu lake liliwahi kupasuka lenyewe asirudi kuzamia kwa mtungi kabla ya kuongea na daktari wa kifua. Wengi huambiwa waache moja kwa moja.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukipata homa ya 38 au zaidi, pumzi inayokata ghafla, kukohoa damu mbichi, kidonda kutoa usaha, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Ganzi na moto unaotambaa kutoka mgongoni kuja mbele chini ya ziwa ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya ubavu, ulibanwa na vifaa. Unaweza kuchukua miezi. Wanawake wengine hushindwa kuvumilia sidiria. Vaa laini isiyo na waya. Ukikukosesha usingizi, useme kliniki, kwa kuwa dawa zake si zile za kidonda.

Kliniki ya kwanza huwa ndani ya wiki 1 au 2, na nyuzi hutolewa hapo. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa na picha zako zote, za kabla na za baada. Uliza jibu la kipande, kisha uliza peke yake jibu la kuotesha vijidudu vya TB, ambalo linaweza kuchukua hadi wiki 6 au 8 na mara nyingi hutoka faili likiwa limesharudishwa kabatini.